Mama, Bondia Wako Ametutoka

Mpendwa Mama,

Juzi asubuhi Mzee Gathogo alibisha mlango wangu hapa Ruring'u, Nyeri, kabla sijavaa hata viatu vya kwenda shule. Alikuwa na koti lake la kanisani, kofia ameishika mkononi. Unajua mwenyewe, mtu akitoka Karatina mapema hivyo na kofia mkononi, moyo unaruka. Nikamuuliza ni nani huko nyumbani.

"Si nyumbani," akasema. "Wambui, hukusikiza redio jana?"

"Sikusikiza, Mzee."

"Mabega wa sinema amekufa. Huko kwao Amerika. Wamesema alikuwa mgonjwa." Akakaa kitini bila kukaribishwa. "Nimeona heri nikuje mwenyewe. Mama yako hayuko, sasa hii pole nitapatia nani kama si wewe?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, Mama, kwa hiyo nikamwekea chai. Tulikunywa kama watu wa matanga, mzee wa kanisa mwenye mvi kichwa kizima na mwalimu wa shule ya msingi, tukimwomboleza Mzungu ambaye hatukuwahi kumwona popote isipokuwa kwenye kitambaa cheupe cha ukumbi wa Majengo. Ni wewe uliyetufahamisha naye. Ndiyo maana barua hii ni yako. Naiandika wazi ili na wengine waisome, kwa hiyo utanivumilia nikisimulia mambo unayoyajua kuliko mimi.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Baba alikuwa ameshafariki, na wewe ulikuwa unauza kabeji na viazi sokoni Karatina, na kwa hizo kabeji ndugu zangu wawili walikuwa wakisoma, nami nilikuwa chuo cha ualimu. Kila Jumamosi ulipanda basi kuja Nyeri kumletea Mama Halima mboga za hoteli yake ndogo pale Majengo, karibu na msikiti. Mume wake, Baba Halima, ndiye aliyekuwa akionyesha sinema kwenye ukumbi alasiri, na kwa kuwa watu wengi hawakujua Kiingereza, alisimama kando ya mashine na kutafsiri kwa sauti, mbio mbio, mara sauti ya mwanamume, mara ya mwanamke.

Siku hiyo mvua ilinyesha na basi la kurudi halikuwa limefika. Mama Halima akakushika mkono akakuambia, "Mama Wambui, utasimama kwa mvua kwa sababu gani? Ingia ndani, hata kama hutaangalia, ukauke." Ukaingia. Ulikaa benchi la mwisho karibu na mlango ili uweze kutoka mara tu utakapoona jambo la aibu. Nguo zilikauka, basi likaja likaenda, na wewe hukutoka.

Nakumbuka nilivyokuja nyumbani likizo ukanisimulia sinema nzima huku ukimenya viazi. Hukuweza kutamka jina lake la Kiingereza, ukaiita ile ya ndoo, na Karatina yote ikajifunza kuiita hivyo. Bondia ni mbeba mizigo wa gati fulani, mtu mkubwa wa maneno machache, mwenye mabega mapana yaliyompa jina hapa kwetu. Alikuwa bingwa zamani, kisha jicho lake la kushoto likapigwa likafa. Anaficha jambo hilo kwa sababu wakijua hawatamruhusu tena ulingoni. Anayejua ni mkewe peke yake. Basi usiku wa pigano kubwa mke anakaa kwenye kona yake na ndoo ya maji, na kila adui akija upande ule wa giza, mke anagonga ndoo. Mara moja, ainame. Mara mbili, ageuke. Watu wanafikiri ni mwanamke mwenye woga tu, anayeshindwa kutuliza mikono yake.

"Na anashinda?" nikakuuliza.

"Anapigwa kwanza. Anapigwa vibaya, ngozi ya uso yote inakuwa kama nyanya ya kuoza. Halafu anashinda." Ukatupa kiazi ndani ya maji. "Lakini yule bibi yake ndiye alishinda. Watu hawaoni."

Nilikuambia hiyo ilikuwa ni michezo ya kuigiza, kwamba yule mtu hapigwi kweli, anapakwa rangi. Nilikuwa nimesoma, nilijua mambo. Ukanitazama kwa huruma.

"Rangi ya damu wanaweza kupaka," ukasema. "Lakini kuchoka? Wambui, mimi najua mtu amechoka. Yule amechoka kabisa."

Uliirudia sinema hiyo kila ilipoonyeshwa. Ulikuwa mwanamke wa kanisa, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, na sasa ulijulikana pia kama mteja wa Baba Halima. Maneno yalifika kanisani. Jumapili moja, nikiwa nyumbani, Mzee Gathogo alikuja baada ya ibada, wakati ule akiwa bado kijana wa miaka arobaini na kitu lakini tayari ana uso wa mzee wa kanisa. Alikataa uji. Alikohoa.

"Mama Wambui, tumesikia uko na tabia ya kwenda sinema kule Majengo. Watu wanapigana ngumi wakiwa nusu uchi."

"Ni kweli."

"Sasa hiyo ni mfano gani kwa wasichana wetu?"

"Mzee, mfano ni ya bibi anasaidia bwana yake. Umeiona hiyo sinema?"

"Mimi? Siwezi kuingia mahali kama hapo!"

"Sasa umejuaje wako nusu uchi?"

Niliingia jikoni nikajiziba mdomo kwa leso. Mzee Gathogo alisema ataomba juu ya jambo hilo, nawe ukamwambia aombe sana, kisha ukamfungia kabeji mbili za kumpelekea mkewe. Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Hukumchukia mtu kwa kutokubaliana nawe, na hukubadilisha nia yako kwa ajili ya mtu.

Halafu ikaja ile siku ya soko.

Mvua ilikuwa imelainisha ule mteremko wa kuingilia sokoni. Mkokoteni uliojaa magunia uliwaponyoka vijana waliokuwa wakiushika, ukateremka peke yake. Akina mama walipiga kelele, wengi wakaruka. Wewe ulikuwa umeinama ukifunga kabeji na mgongo wako ulikuwa upande ule. Nilipofika hospitalini kutoka chuoni, nikiwa bado na sare, ulikuwa kitandani, mguu wa kulia ndani ya plasta kutoka kiunoni hadi kwenye vidole. Nyonga na paja vilikuwa vimevunjika. Daktari aliniita kando akaniambia kwa upole kwamba mifupa itaunga, lakini kutembea ni jambo la kusubiri tuone, na kubeba mizigo nisahau.

Nilifanya uamuzi palepale kwenye baraza la hospitali, nikarudi nikakuambia. Nitaacha chuo. Nitashika nafasi yako sokoni mpaka ndugu zangu wamalize shule. Nilifikiri utalia unishukuru.

"Nafasi ya nani?" ukauliza.

"Yako, Mama."

"Na mimi nimekufa?"

"Hapana, Mama, lakini daktari..."

"Daktari anajua mfupa. Nafasi yangu sokoni ni yangu. Wewe urudi shule, mimi nitarudi soko. Na usilie hapa, hawa wagonjwa wengine wako na shida kuliko yetu."

Nilirudi chuoni. Nilipokuja likizo iliyofuata, plasta ilikuwa imetolewa na wewe ulikuwa umeletwa nyumbani, na yule mama aliyenifokea hospitalini hakuwepo tena ndani yako. Ndugu zangu walinionya mlangoni. Ulikuwa umelala ukitazama ukuta. Mguu ulikuwa umekonda kama wa mtoto. Magongo uliyopewa yalikuwa yameegemezwa pembeni na yameshika vumbi, kwa sababu ulijaribu mara moja ukaanguka mbele ya majirani, na tangu hapo hukutaka tena kuguswa. Rafiki yako wa sokoni, Mama Kamau, alikuja akasema ameweka gunia lake kwenye nafasi yako ili isikaliwe na mtu mwingine, lakini wenye soko wameanza kuuliza. Uliendelea kutazama ukuta. Nilikuletea chai ukaiacha ikapoa. Sikuwahi kukuona ukiacha chai, Mama. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Mama Halima ndiye aliyetuma habari. Filamu ile ilikuwa imechakaa, inakatika kila mara, na wenyewe walikuwa wanaitaka Nairobi isirudi tena. Ingeonyeshwa Jumamosi ile kwa mara ya mwisho. Nilikuambia nikidhani hutanisikia. Ukaugeuza uso kutoka ukutani.

"Nitafikaje?"

Huo ulikuwa mwaka ambao mtu mmoja tu kanisani kwetu alikuwa na pikapu. Nilienda kwake. Mzee Gathogo alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia chini, akaangalia mti wake wa parachichi, akavuta pumzi.

"Nitampeleka," akasema. "Lakini mimi nitangoja nje, ndani ya gari."

Tulikulaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, ndugu zangu wakikushika huku na huku, ukiwa umefunga kitambaa chako kizuri cha kichwa. Watu wa Majengo walikubeba na kiti chako mpaka ndani. Uliwaambia wakuweke katikati na wasikuangushe, maana wewe si gunia la viazi. Ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukisema maneno mengi hivyo tangu nirudi nyumbani. Taa zikazimwa.

Ilikuwa pia mara yangu ya kwanza kuiona. Na nataka niseme hapa, mbele ya wote watakaosoma, kwamba wewe ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa mjinga. Yule mtu hakuwa mzuri wa sura. Pua ilikuwa imepinda na alitembea kama anayepanda mlima hata sakafuni. Lakini alipokaa kwenye kile kibao cha kona, akafungua mdomo kutafuta hewa, huku mkewe akimfuta, ukumbi mzima ulivuta pumzi pamoja naye. Wapishi, makondakta, mafundi wa cherehani, vijana waliotoka shambani na udongo kwenye magoti. Hakuna aliyekuwa akimwangalia Mzungu. Kila mtu alikuwa akimwangalia mtu fulani anayemjua.

Katikati ya pigano filamu ikakatika. Kelele zikaanza, mabenchi yakapigwa, Baba Halima akapaza sauti, "Subirini jamani, nashona!" Taa zilipowaka niliona watu wamejaa hadi mlangoni, na mlangoni penyewe, kofia kifuani, alikuwa amesimama Mzee Gathogo. Aliponiona alitazama dari.

Wewe hukugeuka. Ulinivuta sikio karibu. "Umeona miguu yake?"

"Nimeona, Mama."

"Hujaona. Anaogopa ule upande wa jicho mbaya, kwa hivyo ndio anatanguliza huo. Haufichi. Anauweka mbele."

Taa zikazimwa tena. Raundi ya mwisho ilipoanza watu waliokuwa mbele yetu walisimama, wote kwa pamoja, na ukuta wa migongo ukatuzibia kitambaa. Nikasimama nami. Nilisikia ndoo ikigongwa, mara moja, mara mbili, nikasikia sauti kutoka mlangoni ikipiga ukelele, "Mpige! Mpige huyo!", na hata leo Mzee Gathogo anasema haikuwa yake. Kisha nikahisi uzito juu ya bega langu.

Ulikuwa mkono wako. Nikageuka. Ulikuwa umeshika benchi la mbele kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine, umeinuka kutoka kwenye kiti, umesimama. Mguu ule uliokonda ulikuwa mbele. Ulikuwa unatetemeka mwili mzima na jasho linakutoka puani, macho yako yako kule juu ya kitambaa, na nadhani hukujua kama umesimama. Ulichotaka ni kuona.

Sikusema neno. Niliogopa nikisema utakumbuka kuanguka. Niliimarisha bega langu nikasimama kama nguzo mpaka ukumbi ulipolipuka kwa vifijo na wewe ukakaa taratibu, ukajipangusa uso kwa leso, ukasema, "Sasa twende nyumbani. Niko na kazi."

Kazi ilikuwa kweli. Kila alasiri ya likizo ile nilikaa kwenye kizingiti na debe tupu na kijiti, nawe ukashika ukuta wa nyumba. Nikigonga, unapiga hatua. Mguu mbaya mbele. Ulianguka, ukatukana kidogo, ukamwomba Mungu msamaha, ukainuka. Majirani wakaja kutazama, na safari hii uliwaambia wakae chini kama wanataka, kiingilio ni bure. Ndugu zangu walinipokea debe niliporudi chuoni. Barua zao zilisema leo amefika kwenye choo na magongo yake, leo amefika kwa Mama Kamau, leo ametupa gongo moja.

Siku uliyorudi sokoni nilikuja makusudi. Ulishuka ule mteremko polepole, ukiyumba upande mmoja, kikapu kimoja tu mkononi. Akina mama waliacha kuuza. Ulifika mpaka kwenye nafasi yako, ukatazama chini.

"Mama Kamau," ukasema, "ondoa gunia yako."

Mama Kamau alilia akicheka, akaliburuta. Ukakaa, ukapanga kabeji, na mteja wa kwanza alipojaribu kukuonea huruma kwa kukulipa zaidi ya bei, ulimfokea akarudishiwa chenji yake yote.

Uliuza pale miaka mingi, Mama, ukichechemea. Nilimaliza chuo, nikapata kazi hapa Ruring'u, ndugu zangu wakapata njia zao. Ulishika watoto wangu mikononi, na wa pili nikampa jina lako, Nyawira. Ulipotutoka ulikuwa kitandani kwako, umeshiba, baada ya kumgombeza mtu juu ya bei ya viazi. Mzee Gathogo ndiye aliyeongoza sala. Alipofika mahali pa kusema sifa zako alisema tu kwamba ulimfundisha kuingia mahali alipoogopa kuingia, na watu wa kanisani wakadhani anazungumzia mambo ya roho.

Jana jioni nilikodi ile sinema. Siku hizi iko kwenye kanda ya video, na Nyawira anajua duka. Ana miaka kumi na minne na hakuna kinachomshangaza. Alianza kwa kucheka. Ngumi zinalia kama mtu anayekung'uta mkeka, damu inafanana na maji ya biringanya, na adui ana suruali inayomfika kifuani. Nikamwacha acheke. Ilipofika kwenye kile kibao cha kona, aliacha kucheka. Aliweka mto kifuani. Baadaye nikamsikia anasema peke yake, chini kwa chini, "Amka bwana. Amka."

Nimewaza kwa nini ile sinema haizeeki. Sinema nyingi za ngumi zimekuja baada yake, zenye rangi nzuri na mapigo ya kuaminika zaidi. Nadhani ni kwa sababu yule mtu hakutuonyesha nguvu zake. Kila mtu anaweza kutunisha misuli. Yeye alituonyesha anavyochoka, akatuonyesha anayemsaidia, na hakuona aibu kwa yote mawili. Redio ilisema kwamba hakuwahi kuwa bondia. Alikuwa akiuza viatu kabla ya kuigiza, na pigano lile walilirudia siku baada ya siku mpaka akashindwa kuinua mikono, ndipo wakapata picha waliyoitaka. Kwa hiyo ulijua, Mama. Damu ilikuwa ya rangi. Kuchoka kulikuwa kwake.

Nilidhani nitakuandikia kwa huzuni, na sina huzuni nyingi. Nina shukrani, na nina kiburi kidogo, kile anachokuwa nacho mtu akijua amezaliwa na nani. Ninapoingia darasani na siku imeanza vibaya, najua la kufanya. Natanguliza pale ninapoumia.

Kanda ilipokwisha Nyawira aliniuliza, "Mama, wewe uliiona zamani, sivyo? Mbona umeshtuka mwisho kama hujui atashinda vipi?"

Nikamwambia ukweli, ambao hata wewe sikuwahi kukuambia. Ule mwisho nimeuona jana kwa mara ya kwanza. Siku ile Majengo watu wote ukumbini walikuwa wakimtazama bondia akishinda, nami nilikuwa nimempa mgongo. Nilikuwa nakutazama wewe.

Pumzika vizuri, Mama. Na ukikutana naye huko, mwambie alionekana mpaka huku kwetu.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Wambui